CHAI YA RANGI: FAIDA ZAKE NA ADABU ZA KUINYWA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, somo letu la afya katika toleo hili linahusu kitu ambacho hakuna nyumba hapa Buger isiyokijua. Kitu hicho ni chai ya rangi, yaani chai isiyotiwa maziwa. Wenzetu wa Mombasa huiita turungi, na wengine huiita chai kavu.

Huenda mtu akauliza: walimu wa madrasa wana nini na chai? Si wangetufundisha tajwidi na fiqhi, mambo ya chai wakawaachia waganga? Tutamjibu kwa kisa kilichotokea katika madrasa yetu wenyewe.

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa kike katika darasa la Juzuu Amma. Alianza vizuri, kisha akawa anasinzia. Akisimama kusoma, kichwa kinamzunguka. Sura ambayo wenzake waliihifadhi kwa wiki mbili, yeye ilimchukua mwezi mzima. Sisi walimu tukasema huyu ni mvivu. Tukamkaripia mbele ya wenzake, na siku moja tukamsimamisha pembeni mpaka kipindi kikaisha.

Mama yake akaja. Hakuja kugombana. Alituambia kwa upole, "Ustadhi, mtoto wangu hafanyi makusudi. Angalieni viganja vyake." Tulipoviangalia, vilikuwa vyeupe. Alipopelekwa zahanati akapimwa, damu yake ilikuwa pungufu sana. Muuguzi akauliza nyumbani wanakula nini. Mama akataja makande, ugali, maharage, ngwara na mboga za majani. Muuguzi akasema hicho ni chakula kizuri, kisha akauliza tena: "Na mnateremshia nini?" Jibu likawa chai ya rangi, nzito, asubuhi, mchana na usiku, kila chakula na kikombe chake.

Yule mtoto alipewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Pia mama aliambiwa asiipige marufuku chai, bali aisogeze mbali na chakula. Alhamdulillah, baada ya miezi kadhaa mtoto alichangamka, na Juzuu Amma ameimaliza. Sisi tulimwomba radhi, yeye na mama yake. Lakini tukajiuliza: je, ni wangapi wengine tuliowaita wavivu? Na ni nyumba ngapi zinazotumia neema hii bila kujua adabu zake? Ndiyo sababu tukaandika somo hili.

CHAI NI NINI, NA IMEFIKAJE KWETU?

Chai hutokana na majani ya mti mmoja ambao wataalamu wa mimea wanauita Camellia sinensis. Asili yake ni China na nchi za jirani, na Wachina wameinywa kwa karne nyingi. Hata jina letu limetoka huko. Wachina wengi wanaiita "cha", na neno hilo lilisafiri kwa njia ya nchi kavu kupitia Uajemi na Bara Hindi likawa "chai", kisha likatufikia sisi watu wa Pwani na Bara. Watu wa Ulaya walioinunua kwa meli kutoka pwani ya kusini mashariki ya China walichukua tamko la watu wa huko, nao husema "te".

Katika nchi yetu, mti wa chai ulipandwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, huko Amani katika milima ya Usambara na huko Rungwe. Kilimo chake cha biashara kilishika kasi kuanzia miaka ya 1920. Leo hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, Korogwe, Muheza na Kagera. Jirani zetu wa Kenya, wenye mashamba makubwa ya Kericho na Limuru, ndio wanaoongoza duniani kwa kuuza nje chai ya aina hii. Sisi wa Karatu mashamba yetu makubwa ni ya kahawa, kwa hiyo watoto wetu wengi wanaijua chai ikiwa ndani ya pakiti tu. Basi wajue kwamba ni jani la mti.

Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi moja. Kiwandani majani hayo hunyaushwa ili yapungue maji, kisha husagwa na kukatwakatwa, halafu huachwa yapigwe na hewa. Hapo ndipo rangi ya kijani inapogeuka kuwa ya shaba, na yakikaushwa kwa moto yanakuwa meusi. Chai ya kijani hutoka kwenye mti huohuo, ila haipitishwi katika hatua ile ya kupigwa na hewa. Lakini mchaichai tunaoupanda nyuma ya nyumba si chai. Ni mmea mwingine kabisa na hauna kafeini. Tuyakumbuke haya, kwa sababu yatatusaidia huko mbele.

HUKUMU YAKE

Wanafunzi wetu wa fiqhi wanaijua kanuni kwamba asili ya vitu vyenye manufaa ni kuruhusiwa, mpaka ije dalili ya kukataza. Chai haikuwepo Bara Arabu wakati wa Mtume (S.A.W.), wala haileweshi, hivyo imebaki katika kanuni hiyo. Ndugu yake kahawa ilipita katika mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku katika mji wa Makka, wakidhani inapumbaza akili, kisha wanachuoni wakaichunguza na watu wakarudi kuinywa.

Hata hivyo, kitu kuwa halali si ruhusa ya kukitumia vyovyote. Katika Suratul-A'raf tumeamrishwa kula na kunywa, na papo hapo tukakatazwa kufanya israfu. Na Mtume (S.A.W.) alimfundisha sahaba wake Abdullah bin Amri (R.A.) kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Mwili ni amana. Kwa hiyo swali letu leo si kama chai ni halali. Swali ni kama tunaitumia kwa namna inayoilinda amana hii.

FAIDA ZA CHAI YA RANGI

Kwanza, ni maji yaliyochemka. Faida hii ni ya wazi kuliko zote, na wengi hawaihesabu. Maji yakichemka sawasawa, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara vinakufa. Mtoto anayekunywa chai nyumbani yuko salama kuliko yule aliyechota maji ya korongo kwa kopo akayanywa njiani. Tunasisitiza: maji yachemke kweli, yatokote kwa mapovu makubwa, siyo kupata moto tu.

Pili, inachangamsha akili kwa utulivu. Kikombe kimoja cha chai ya rangi kina kafeini kiasi cha miligramu 40 hadi 50, karibu nusu ya ile iliyomo katika kikombe cha kahawa. Pamoja na kafeini kuna kiini kingine kinachoitwa thianini, ambacho hutuliza. Ndiyo maana mnywaji wa chai huamka bila moyo kumwenda mbio kama inavyowapata baadhi ya wanywaji wa kahawa. Anayekesha akidurusu masomo anaijua faida hii.

Tatu, inasaidia moyo na mishipa ya damu. Majani ya chai yana viini vinavyoitwa flavonoidi, ambavyo vinasaidia mishipa kutanuka vizuri. Huko Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watu waliopewa chai vikombe vitatu kila siku kwa miezi sita walipungua shinikizo la damu, ingawa kwa kiasi kidogo. Na mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya kufuatilia watu karibu laki tano wa Uingereza, nchi ambayo wengi hunywa chai hii nyeusi, kwa zaidi ya miaka kumi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ndogo kidogo ya kufa katika kipindi hicho kuliko wasiokunywa. Hapa tuwe waangalifu. Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala hauthibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Hata hivyo ni dalili njema.

Nne, ni kinywaji chepesi. Chai yenyewe, kabla mkono wetu haujaingia kwenye kopo la sukari, karibu haina kitu cha kunenepesha. Kwa mwenye kisukari au mwenye uzito mkubwa, chai isiyo na sukari ni bora mara nyingi kuliko soda.

FAIDA AMBAYO SI YETU

Vitabu vingi vinataja faida nyingine: kwamba chai ina madini ya floraidi, na kwamba madini hayo huimarisha meno. Ni kweli kwa watu ambao maji yao yana floraidi chache. Lakini sisi tunaishi katika Bonde la Ufa, ambako vyanzo vingi vya maji vya Arusha na Manyara vina floraidi iliyozidi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Palipozidi, watoto wanaota meno ya rangi ya kahawia, na palipozidi sana hata mifupa huathirika. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande huongeza floraidi pia.

Na jambo hili wengi hawalijui: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Vijidudu hufa, lakini madini hubaki, na maji yakipungua kwa kuchemka sana, madini huzidi kukolea katika maji yaliyobaki. Basi mzazi asimpe mtoto chai nyingi akidhani anamlinda meno. Penye maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kutunzwa katika chombo safi, hayo ndiyo bora kwa chai ya watoto, kwa sababu hayana floraidi ya miamba.

Vilevile tusiipe chai kazi isiyoiweza. Haitibu malaria, haitibu homa ya matumbo, wala haichukui nafasi ya vidonge vya presha. Mgonjwa anywe chai yake, na dawa aliyoandikiwa anywe pia.

ADABU NNE ZA KUINYWA

Adabu ya kwanza: ikae mbali na chakula.

Hili ndilo lililompata mwanafunzi wetu. Chai ina viini vinavyoupa ulimi ule ukakasi. Viini hivyo, vikikutana tumboni na madini ya chuma yatokayo kwenye maharage, ngwara, mbaazi, mahindi na mboga za majani, huyashika, na mwili hauwezi kuyachukua. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza madini hayo kwa nusu au zaidi. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Kwa hiyo mama anapika chakula chenye damu, na kikombe kinainyang'anya kabla haijafika mwilini.

Tatizo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya nusu. Sababu ni nyingi, zikiwemo malaria, minyoo na uchache wa nyama, na hatusemi ni chai peke yake. Lakini minyoo inataka dawa na nyama inataka fedha, ilhali kusogeza kikombe hakumgharimu mtu hata shilingi moja.

Tufanye hivi: tule kwanza, tuteremshie kwa maji. Chai tuinywe saa moja au zaidi baada ya chakula, au katikati ya mchana. Tukila mboga na maharage, tuongeze limau, chungwa, pera au nyanya mbichi, kwa sababu vitamini C iliyomo humo inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Wanaopaswa kulishika hili kwa nguvu zaidi ni wasichana waliobaleghe, mama wajawazito na watoto wadogo. Na anayemeza vidonge vya kuongeza damu asivimeze kwa chai kamwe.

Adabu ya pili: ipoe kwanza.

Hapa kwetu mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na watu husifiana kwa kunywa chai ikiwa inafuka moshi. Mzee akiletewa chai ya vuguvugu husema amedharauliwa. Ndugu zetu, jambo hili lina hatari. Mwaka 2016, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Waliyoyatazama ni joto. Chai yenyewe haikulaumiwa.

Saratani hiyo ni nyingi katika ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi. Watafiti walikwenda kwa majirani zetu wa Kilimanjaro kupima joto la chai wanayokunywa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kwa wastani funda la kwanza lilikuwa na joto la nyuzi kama 70. Na katika mkoa wa Golestan nchini Iran, ambako Waislamu wenzetu hunywa chai nyeusi kwa wingi, watu wapatao 50,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliokunywa chai nyingi ikiwa ya moto wa nyuzi 60 na zaidi walipatwa na saratani hiyo karibu mara mbili ya waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Tumbaku na pombe ni sababu nyingine kubwa za ugonjwa huo, nazo sisi tumeshakatazwa. Basi tusijifungulie mlango mwingine kwa kikombe cha halali.

Na dini yetu ilitutangulia. Asmaa binti Abubakar (R.A.) alikuwa akipika tharidi huifunika mpaka ukali wa moto wake uondoke, na akapokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kufanya hivyo kuna baraka zaidi. Hadithi hiyo imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Pia Mtume (S.A.W.) alikataza kupulizia ndani ya chombo na kupumua ndani yake, kama ilivyopokewa na Ibn Abbas (R.A.). Mtu akiacha kupulizia hana budi kusubiri, na katika kusubiri ndimo ilimo salama yake. Kisha kuna sunna ya kunywa kwa kupumzika mara tatu nje ya chombo, badala ya kugugumia kwa mkupuo.

Kipimo chetu nyumbani ni hiki: ukilazimika kuivuta kwa mdomo kwa sauti ndipo isikuunguze, bado ni ya moto. Iache kama dakika tano hadi kumi, au imimine katika kikombe kipana.

Adabu ya tatu: sukari iwe kidogo.

Tuhesabu pamoja. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina sukari kama gramu 4. Mtoto anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekula vijiko 9, yaani gramu 36. Na sisi vijiko vyetu hatuvisawazishi, tunavirundika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu itokanayo na chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni kama gramu 25 tu, vijiko sita, kwa siku nzima na vyakula vyote. Hapo hatujahesabu andazi wala soda ya harusini.

Hatumwambii mtu aache ghafla. Apunguze nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na ulimi utazoea. Iliki, tangawizi, mdalasini na karafuu vinaipa chai ladha hata sukari isikumbukwe.

Adabu ya nne: kila mtu na kiasi chake.

Mtoto mchanga asipewe chai kabisa. Miezi sita ya mwanzo chakula chake ni maziwa ya mama tu, hata maji hayahitaji. Mtoto mdogo asijazwe chai na mkate tumboni kisha akakosa nafasi ya uji na maharage. Mama mjamzito apunguze, kwani kafeini ikizidi haifai kwa mtoto aliye tumboni. Na asiyepata usingizi aiache baada ya Alasiri. Mchaichai ndio unaofaa usiku kwa sababu, kama tulivyosema, hauna kafeini.

Upishi nao una kiasi chake. Majani yakikaa katika maji yaliyochemka dakika tatu hadi tano yanatosha. Chai inayochemshwa na majani yake nusu saa nzima, au kurudiwa kuchemshwa kutoka asubuhi mpaka jioni, huzidi ukakasi, na ukakasi ndio unaoshika madini ya chuma.

KATIKA MWEZI WA RAMADHANI

Wakati wa kufuturu tumbo ni tupu na koo ni kavu. Tuanze kwa tende na maji kama ilivyo sunna, tuswali Magharibi, tule, na chai ije baadaye, ikiwezekana baada ya Tarawehe, kwa asiyesumbuliwa nayo usingizi. Wakati wa daku, maji na uji ni bora kuliko chai nzito, hasa kwa watoto wanaojizoeza kufunga na kwa wasichana wanaohitaji damu.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Wanafunzi, fanyeni hili mbele ya mtu mzima. Chukueni vikombe viwili vinavyofanana, mtie chai ya moto kwa kipimo kimoja. Kimoja mkifunike, kingine mkiache wazi. Baada ya dakika kumi mguseni kila kikombe kwa nje na mseme kipi kimepoa zaidi. Kisha katika kile kilichopoa kamueni matone ya limau, muangalie rangi ya chai inavyofifia. Andikeni mlichokiona katika madaftari yenu, mje nayo madrasa.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, chai ya rangi ni neema. Inatupa maji salama, inatuchangamsha, inasaidia mioyo yetu, na inamkaribisha mgeni hata katika nyumba ambayo siku hiyo haina kitu kingine. Madhara tuliyoyataja mengi yametoka katika mikono yetu: tunainywa na chakula, tunainywa ikiunguza, na tunaizamisha katika sukari.

Sisi katika madrasa tumeanza na nafsi zetu. Siku za Jumamosi watoto walikuwa wakipewa chai na makande kwa pamoja. Sasa makande huliwa mapema na maji safi, na birika la chai hufunguliwa baada ya somo la pili, ikiwa imepoa. Sukari tumepunguza, na fedha iliyobaki tunanunulia machungwa. Wapo waliolalamika wiki ya kwanza, nasi tuliwaambia wavumilie. Wazazi, tunawaomba mfanye hivyo nyumbani, kwa sababu saa mbili za madrasa haziwezi kujenga kile ambacho siku nzima inabomoa.

Na ukimwona mtoto amepauka, anasinzia na kuchoka upesi, usimwite mvivu kabla hujampeleka kupimwa damu. Hilo tumelijifunza kwa aibu, tusingependa nawe ulijifunze hivyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, afya njema na watoto wema. Amin. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chai ya rangi na chai ya kijani zinatofautiana katika hatua gani ya utengenezaji?
2. Taja vyakula vitatu vya hapa kwetu vyenye madini ya chuma, na ueleze kwa nini chai isinywewe pamoja navyo.
3. Je, kuchemsha maji kunaondoa floraidi? Eleza.
4. Asmaa binti Abubakar (R.A.) alifanya nini na chakula cha moto, nasi tunajifunza nini kuhusu chai?
5. Hesabu vijiko vya sukari ulivyokula jana katika chai. Ni gramu ngapi? Utapunguza vingapi wiki hii?